Mmea Huu Umetoka Wapi?

Hukumu ya mahakama ya Kenya ya Mei 2025 mliisikia: watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa na sisimizi 5,000, kila mmoja alipe faini ya shilingi milioni 1 au afungwe miezi 12. Kinachotutia wasiwasi si sisimizi peke yao. Tamaa hiyo hiyo ya kufuga viumbe adimu nyumbani inaifuata pia mimea ya mitungi, Nepenthes, inayonasa wadudu kwa majani yake. Na huko nako swali la kwanza haliulizwi: mmea huu umetoka wapi?

Swali hilo si la polisi tu. Ndio mwanzo wa utunzaji wenyewe. Mmea wa mtungi umezoea udongo fukara, na nitrojeni yake nyingi huipata kwa wadudu. Ukiupanda kwenye samadi au kuunywesha maji ya bomba yenye chumvichumvi, mizizi inaungua. Unataka maji ya mvua, mwanga mwingi na hewa yenye unyevu. Hewa ikikauka, majani yatachipua lakini mitungi haitatokea. Kisha kuna joto, na hapa ndipo wengi wanapopoteza mimea yao. Nepenthes rajah ni ya milima ya Borneo, kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, ambako usiku ni wa baridi. Kuiweka katika chumba cha Mombasa ni kuiua. Spishi za nyanda za chini nazo zitadumaa kwa baridi ya Limuru. Muuzaji asiyesema mmea umetoka wapi amekunyima jambo ulilohitaji kulijua kuliko yote.

Wapo wanaosema heri mmea uchimbwe, uishi sebuleni, kuliko kuangamia na msitu. Ni kweli misitu ya Borneo imekatwa sana. Lakini mmea mkubwa uking'olewa, mizizi yake myembamba hukatika, na mara nyingi hufia hapo hapo sebuleni. Miche huzalishwa kwa mbegu na kwa tishu maabarani, nayo huzoea chumba ingali midogo. Wengine huuliza mmoja tu utadhuru nini. Jirani zetu wa Shelisheli wana Nepenthes pervillei, inayoota visiwa vya Mahé na Silhouette basi. Wanunuzi wote wakisema mmoja tu, kutabaki nini? Sheria ipo: mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini umezuia biashara ya rajah ya porini tangu 1981, na tangu 1987 jenasi nzima iko chini ya udhibiti wake. Lakini sheria haina mkono sebuleni kwako.

Basi ulizeni! Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni: umetoka wapi? Muuzaji akinuna, ondokeni. Akisema hajui, ondokeni. Nanyi wauzaji, andikeni kwenye kila chungu jina la spishi na kitalu kilichootesha mche. Pasipo maandishi hayo, msikilizaji, usinunue.