Mfuko wa Matembezi ya Watoto: Maneno ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka Kumi

Wenzetu waliotutangulia tunawakumbuka, na majina yao yameandikwa mwanzoni mwa kitabu hiki.

Habari za hisa, mikopo na faida mmekwisha kusomewa na Mweka Hazina, naye amesoma vizuri mpaka senti ya mwisho. Hatutazirudia. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo moja ambalo watu wengi wa hapa Masumbwe wamekuwa wakitusema nalo sokoni na mashineni, nalo ni Mfuko wa Matembezi. Ati akina mama wa kikundi wanachukua hela za hisa wanakwenda kutembea Mwanza na watoto. Ndiyo, tunakwenda. Lakini si hela za hisa, na sababu tutaieleza.

Ninyi nyote mnajua likizo ya mwezi wa sita ilivyo kwetu. Mpunga umekwisha kuvunwa, karanga zimekwisha kung'olewa, pamba inachumwa. Kiangazi kimeingia, vumbi jekundu limejaa mpaka ndani ya sufuria. Shule zimefungwa. Mtoto anaamka asubuhi hana pa kwenda. Zamani angekwenda na ng'ombe. Siku hizi ng'ombe ni wachache, na maduara yako karibu. Kwa hiyo anakwenda kwenye makarasha kuangalia tu, kesho yake anatumwa maji, keshokutwa anapewa nyundo agonge mawe, na wiki ikiisha analetwa nyumbani na elfu mbili mkononi. Mama ana shida ya chumvi na sabuni, anazipokea. Hatumsemi mama huyo, maana kila mmoja wetu anamfahamu na anajua njaa yake.

Ila tuliona kwa macho yetu mambo yanakoishia. Watoto wale waliozoea makarasha walihamia kwenye mwalo, kule kunakooshwa mchanga wa dhahabu. Na kwenye mwalo kuna zebaki. Zebaki inashikwa kwa mikono mitupu, inachanganywa na tope ili ikamate dhahabu, halafu inachomwa motoni na moshi wake unavutwa na kila aliye karibu. Bwana afya alitufundisha kwenye kikao chetu kwamba sumu ile inaharibu ubongo na figo, na wanaoumia kuliko wote ni watoto wadogo na mtoto aliye bado tumboni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na kazi ya mgodini imo. Sheria tunayo. Lakini sheria haikai na mtoto siku ya Jumatatu ya likizo saa tatu asubuhi.

Basi Jumatano moja mwenzetu mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa ameanza kukohoa kwa ajili ya vumbi la karasha, alisimama kikaoni akasema maneno machache. Alisema, "Mtoto akiwa na kitu cha kungojea, hatakwenda kule." Tukamwuliza kitu gani. Akasema hata safari moja tu, aione Mwanza, aone ziwa. Wengine walicheka. Mbona hata sisi watu wazima wengine tulikuwa hatujaliona ziwa, na tunakaa mkoa mmoja na maji yake tangu Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, tulipotoka kuwa watu wa Shinyanga.

Mjadala ulichukua vikao vinne. Kuna waliosema kikundi ni cha kukopeshana, si cha kutembea. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ndiyo maana tukakata shauri kwamba hisa zisiguswe, mfuko wa jamii usiguswe, ila kila mwanachama atoe shilingi 500 kila Jumatano ndani ya bahasha nyingine, iwekwe ndani ya sanduku lile lile la kufuli tatu. Tuko wanachama 30. Kwa wiki 52 mwanachama mmoja anakuwa ametoa 26,000, na wote pamoja 780,000. Wanakwenda nusu mwaka huu na nusu mwaka unaofuata, akina mama 15 na watoto 15, kila mama na mtoto mmoja wa kwake au wa ndugu yake. Anayekwenda anaongeza 15,000. Jumla inakuwa 1,005,000. Kwa hela hiyo tunakodi Koasta kwa 650,000, na 355,000 inayobaki ni ya chakula, mtumbwi na viingilio. Hesabu ni hiyo, hakuna siri. Shemeji zetu waliokuwa wakiuliza, wameisikia leo mbele ya Mgeni Rasmi.

Na hapo tuseme kidogo juu ya akina baba. Baba mmoja alimkataza mkewe kabisa mwaka 2023. Alisema mtoto wa miaka minne akipelekwa Mwanza atakumbuka nini? Ni hela ya bure. Mama yule alinyamaza, akaendelea kulipa 500 yake kila wiki. Mwaka 2025 baba huyo huyo ndiye aliyemfunga mtoto viatu asubuhi ya safari, na ndiye aliyetupigia simu mara sita kabla hatujafika Katoro.

Safari yenyewe inaanza alfajiri. Tunapita Ushirombo, Runzewe, Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema. Watoto wadogo wanatapika, hilo mlijue mapema; bebeni mifuko na ndimu, wala msiwape chai ya maziwa kabla ya kupanda gari. Mwaka 2023 tulipofika Busisi tulikaa juani kwenye foleni ya kivuko kwa muda mrefu, watoto wanalia, magari yamejipanga mpaka mlimani. Mwaka 2025 tulikwenda wiki moja baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kufungua daraja tarehe 19 Juni. Daraja la J. P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, kutoka Busisi mpaka Kigongo. Tulimwomba dereva aende polepole. Alikwenda polepole na bado tulivuka kwa dakika chache tu. Mtoto mmoja aliuliza, "Bibi, haya maji nani ameyamwaga?" Gari zima likacheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu zuri.

Penye kazi kubwa palikuwa Saanane. Saanane ni kisiwa karibu kabisa na mjini, unapanda boti Capri Point na kwa dakika kama kumi umefika. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akilima na kuvua hapo, mpaka serikali ilipokichukua mwaka 1964 kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na ndiyo ndogo kuliko zote Tanzania. Kuna swala, tumbili, pimbi wanaoota jua juu ya miamba, na mijusi yenye vichwa vyekundu ambayo watoto waliipenda kuliko swala. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio. Bebeni kadi ya kliniki ili umri usibishaniwe.

Lakini ili ufike ni lazima upande chombo. Na hapo ndipo akina mama wanane kati ya kumi na watano walipokaa chini wakasema hatupandi, na watoto wetu hawapandi. Tusiwacheke. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, wakafa watu kwa mamia. Makaburi yao yako Igoma. MV Nyerere ikazama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu mia mbili. Mwenzetu mmoja alifiwa na kaka yake katika MV Bukoba. Alikuwa hajakanyaga chombo chochote cha majini tangu siku ile. Hata mwaka 2023 Busisi alipandishwa kivuko amefumba macho, ameshikwa mikono na watu wawili.

Hatukumlazimisha mtu. Tulimwendea nahodha tukamwuliza mbele ya wote: chombo kinabeba wangapi, maboya yako wapi, na ya watoto wadogo yapo? Alitutolea moja moja, akatuonyesha jinsi ya kumfunga mtoto lisije likamvuka kichwani. Tukamwambia tunataka twende kwa mafungu, tusijaze. Alikubali. Fungu la kwanza likaenda, likapunga mikono kutoka ng'ambo. Fungu la pili likaenda. Yule mwenzetu alikaa juu ya jiwe akiangalia. Mjukuu wake wa miaka mitano alikuwa ameshavaa boya, hasemi kitu, amesimama tu. Fungu la tatu lilipokuwa linapanda, mwenzetu aliinuka akasema, "Nipeni na mimi hilo koti." Njia nzima alikuwa akisali kwa sauti, na watoto wakawa wanamwitikia Amina. Kule kisiwani hakuangalia mnyama hata mmoja, alikaa akiangalia maji. Wakati wa kurudi hakusali.

Siku ya pili tulikwenda Bujora, Kisesa, katika njia ya Musoma. Hapo pana makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna jumba limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha watemi, na ndani ngoma za watemi zimepangwa. Watoto walielezwa juu ya Bagika na Bagalu, jinsi walivyokuwa wakishindana kucheza, na juu ya Bayeye wanaocheza na nyoka. Sisi wa Masumbwe tuna Wasumbwa na Wasukuma ndani ya nyumba moja, kwa hiyo kulikuwa na ubishi mkubwa garini nani mtemi wake alikuwa mkubwa. Ubishi haukwisha mpaka Usagara.

Tulipita pia Mwaloni Kirumba kununua dagaa na sato wa kukaanga. Watoto waliposikia tunakwenda mwaloni walinyamaza. Kwao mwalo ni tope, karai na zebaki. Walipoona mitumbwi, samaki, barafu na kelele za wachuuzi, mmoja alisema, "Kumbe mwalo ni hivi?" Neno hilo lilituchoma. Halafu akina mama wawili walianza kuuliza bei za dagaa kwa gunia, na biashara yao ya dagaa hapa sokoni leo mnaiona.

Kwa wanaojitayarisha kwenda na mtoto mdogo mjini kwa mara ya kwanza, tuna haya. Kila mtoto afungwe kitambaa cha kitenge cha rangi moja mkononi, na namba ya simu iandikwe kwa wino ndani ya kitambaa. Makoroboi na mitaa ile ya maduka mpite mkiwa mmeshikana, tena asubuhi kabla watu hawajajaa. Watoto wasiogelee ufukweni hata wakilia, maana ziwa lina kichocho. Maji yachemshwe, michembe na karanga mtoke nazo nyumbani; chakula cha mjini kwa watoto 15 kinamaliza mfuko siku ya kwanza. Na malazi mkubaliane kwa maandishi. Mwaka 2023 nyumba moja ya wageni ilitupa bei moja kwa simu na bei nyingine mlangoni, saa mbili usiku, watoto wamelala mabegani. Tangu hapo tunaomba ukumbi wa parokia, tunatandika mikeka na vyandarua vyetu, na usingizi ni ule ule.

Mtu atauliza, je, watoto wameacha makarasha? Tutasema tulichokiona. Katika watoto 30 waliokwisha kwenda, saba walikuwa wanafanya kazi kule kabla. Watano wameacha. Wawili bado wanakwenda, mmoja wao ni yatima anayelea wadogo zake, na safari ya siku tatu haimlishi mtu mwaka mzima. Kwake yeye kikundi kimetoa mkopo wa kuku kwa jina la bibi yake, na tunafuatilia kila wiki.

Sasa ndugu wanachama, liko pendekezo mezani ambalo hatujalikubali wala kulikataa. Pembeni ya makarasha kuna watoto ambao mama zao si wanachama, wengine hata hawajulikani walikotoka, wamekuja na wachimbaji. Imependekezwa kwamba likizo ijayo, katika viti 15 vya watoto, vitano viwe vya watoto hao. Maana yake watoto watano wa wanachama watangoja mwaka mwingine. Tunajua nyumbani kwenu wapo wanaohesabu siku. Yuko mmoja hapa mbele amekwisha kuvaa kitambaa cha kitenge mkononi tangu asubuhi, na zamu yake ni mwaka huo.

Kura itapigwa Jumatano ijayo saa tisa, kwa kokoto kama kawaida yetu, mahali petu pale pale. Kila mwanachama aje mwenyewe, asitume mtu. Na Ndugu Mgeni Rasmi, kama ofisi yako inaweza kutusaidia mafuta ya Koasta ya pili, mjadala huo utakuwa mfupi sana.

Chakula kiko tayari chini ya mwembe, watoto wapakuliwe kwanza.