Deni Lisilokatwa Kwenye Mshahara

Hotuba ya wahitimu wa vyuo vikuu, wana wa Sekenke, iliyosomwa kwenye hafla ya harambee

 

Tumeombwa tueleze maisha ya chuo kikuu jinsi tulivyoyaona, sasa kwa kuwa joho tumeshalivua. Tulikaa pamoja, waliosoma Mlimani, waliosoma Dodoma na waliosoma Sokoine kule Morogoro, tukalinganisha. Tulidhani tungezungumza zaidi habari za masomo na mitihani. Lakini karibu kila aliyefungua kinywa alianza na jambo lile lile: wiki za kwanza.

Wazee waliosoma chuo miaka ya 1970 wanatusimulia kwamba serikali iliwagharamia masomo, malazi na chakula. Miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Kisha sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Sisi ni watoto wa Bodi. Bila mkopo wengi wetu tusingesoma, na kwa hilo tunaishukuru nchi yetu.

Hata hivyo mkopo una tabia moja ambayo kila mzazi wa Sekenke anapaswa kuijua: unamkuta mwanafunzi chuoni, haumpeleki. Kabla hajapata fedha ya kujikimu, ile tuliyoiita bumu, lazima awe amefika na kusajiliwa. Nauli ni juu yake. Godoro, ndoo na shuka ni juu yake. Bima ya afya, ambayo wakati wetu ilikuwa sh. 50,400 kwa mwaka, ni juu yake. Na chakula cha siku zote za kusubiri ni juu yake pia.

Siku hizo tulipiga pasi ndefu, yaani unakunywa chai saa nne asubuhi, halafu hakuna kitu tena mpaka usiku. Tulibebana, wawili kitanda kimoja, kwa sababu mmoja amepata chumba na mwenzake hajapata. Na tunawafahamu vijana waliokuwa na nafasi ya chuo mkononi wakarudi nyumbani kwa kukosa fedha ya mwezi mmoja tu. Hawakushindwa mtihani wowote.

Sisi tulivuka vipi? Tulivushwa na ninyi. Kuna aliyeuziwa magunia mawili ya alizeti kabla bei haijapanda. Kuna aliyepewa nauli na mjomba wake anayesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha. Kuna aliyelala sebuleni kwa mtu wa Shelui aliyehamia Dodoma, ambaye hawakuwa na undugu wowote, ila alisikia tu kwamba ni mtoto wa nyumbani. Hakuna aliyeandika majina hayo, wala hakuna aliyetoa risiti.

Mnaweza kuuliza, na mna haki ya kuuliza: faida yake ni ipi? Mzazi aliuza ng'ombe, mtoto akahitimu, mbona amekaa nyumbani? Tusidanganyane. Wapo miongoni mwetu waliokaa miaka mitatu bila ajira. Cheti hakimwiti mwajiri. Lakini tumeona kwamba waliojifungia ndani kwa aibu walichelewa zaidi kuliko waliokubali kufundisha kwa kujitolea kwenye shule ya kata, au walioshika jembe huku wakituma maombi. Hapo mzazi anaweza kusaidia sana. Asimwite mwanawe msomi wa bure mbele ya majirani.

Na faida nyingine ipo hata pale mshahara usipokuwepo. Mwenzetu aliyesoma kemia ndiye anayekaa na wachimbaji wetu wadogo kuwaeleza kwa nini zebaki haifai kuchomwa jikoni, karibu na chakula na watoto. Mwingine aliyesoma sheria huwasomea mkataba kabla hawajaweka dole gumba. Kazi hizo hazina mshahara, lakini zina thamani.

Sasa tuseme lililotuleta. Mhitimu mwenye mkopo akiajiriwa, Bodi hukatiwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Hakuna anayesahau, kwa sababu fedha inakatwa kabla hajaiona. Deni la magunia mawili ya alizeti halina mwajiri wa kulikata. Mjomba wa karasha hana ofisi ya kutuma barua. Ndiyo maana deni hilo linasahaulika, na wanaolisahau si watu wabaya. Ni kwamba hakuna utaratibu.

Sisi watu wa Sekenke tunajua mali inavyoweza kuondoka bila kurudi. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walifua Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka hapa. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huuziana kwa bei kubwa. Wengi wetu hatujawahi kuiona hata moja kwa macho. Msomi naye anaweza kuondoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunaomba harambee ya mwaka huu ianzishe mfuko wa wiki za kwanza. Kwa hesabu yetu, sh. 300,000 zinamfikisha kijana chuoni, zinamlipia bima, zinamnunulia godoro na kumlisha mpaka bumu liingie. Wahitimu 100 wakitoa sh. 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni sh. 6,000,000, yaani vijana 20. Tunapendekeza uwe mkopo usio na riba, urudishwe kijana akipata kipato, ili mwingine apande basi. Na hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka, hapa hapa, mbele ya wazee.

Asiye na kazi atoe muda wake. Maombi ya mkopo hujazwa kwa intaneti, cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, na fomu isainiwe na serikali ya kijiji na wakili. Kosa dogo la jina linaweza kumkosesha mtoto mkopo. Mhitimu mmoja mwenye simu na subira anaweza kuwasaidia watoto kumi kwa wiki moja.

Sisi tuliosimama hapa tumekwishaandika majina yetu kwenye daftari la mhazini, pamoja na mchango wa mwezi wa kwanza. Daftari liko mezani, na kurasa nyingi bado ni nyeupe. Tunawakaribisha.

Asanteni kwa kutusomesha.