Kipara ni cha Ukoo, Dawa Yake ni ya Kuelezwa

Wasikilizaji wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo, tangazo la FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, la Aprili 22, 2025 mmeshalisikia kwenye taarifa ya habari, hatutalisoma tena lote. Dawa ya kipara ya kupaka kichwani yenye finasteride, ile inayochanganywa kwa oda na kuagizwa kwa simu, haijaidhinishwa na FDA, na kati ya 2019 na 2024 zimepokelewa ripoti 32 za watu wanaosema imewadhuru: nguvu za kiume kupungua, huzuni nzito, usingizi kupotea, wengine hadi kuwaza kujiua. Ripoti 32 ni chache kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 300, na ripoti peke yake haithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Kinachotutia wasiwasi hapa kituoni ni jambo jingine lililomo katika tangazo hilohilo: baadhi ya watu hao walilalamika kwamba aliyewaandikia dawa hakuwaeleza madhara yake. Hakuwaeleza. Basi mtu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale, anayejaza fomu ya Kiingereza kwenye simu usiku baada ya zamu ya ghalani, nani atamweleza?

Tuanze na chanzo cha kipara, maana kwa kinyozi na saluni hutajwa kila kitu isipokuwa chanzo chenyewe. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume zaidi ya 100 ambao korodani zao ziliondolewa au hazikukomaa. Waliokosa homoni ya kiume tangu kabla ya kubalehe hawakupata kipara. Walipopewa testosteroni, wale wenye vipara katika ukoo wakaanza kutokwa na nywele. Wengine walipewa homoni ileile na nywele zao zikabaki. Homoni peke yake haikutosha, na ukoo peke yake haukutosha. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake wakaeleza habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako wanaume kadhaa walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, DHT. Tezi dume zao zilikuwa ndogo, na nywele zao za mbele hazikurudi nyuma. Kampuni ya Merck ikaifuata njia hiyo hadi ikapata finasteride, iliyoidhinishwa 1992 kwa tezi dume na 1997 kwa kipara. Dawa hii basi ilianzia kwenye homoni za mwanamume, na inaweza kupenya ngozi na kuingia kwenye damu hata ukiipaka utosini tu.

Wapo wanaolaumu maji ya bomba ya huku, eti yana dawa nyingi. Kitazame kwa karibu kichwa cha mwenye kipara: paji la uso limepanda kwenye pembe zote mbili, utosi uko wazi, lakini juu ya masikio na kisogoni nywele zimejaa. Maji yaleyale yalimwagika kichwa kizima. Mizizi ya nywele za utosini ndiyo inayoathirika na DHT kwa wale waliorithi hali hiyo. Kila unywele ukidondoka, unaofuata huota mwembamba na kukaa muda mfupi zaidi, mpaka kunabaki malaika tu. Wengine watasema ni dhiki, ni vita, ni miaka ya kambini. Hili lina ukweli wake. Njaa, homa kali, uzazi au msiba vinaweza kuangusha nywele miezi 2 au 3 baadaye, ila hizo hupungua kichwa kizima na kwa kawaida huota tena. Na wanaotaja uchawi wakumbuke Milange, Msumbiji, mwaka 2017, ambako wanaume wenye vipara waliuawa kwa sababu watu waliaminishwa kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Ujinga kuhusu kipara umeshaua watu.

Swali zuri zaidi ni la yule anayeuliza: baba ana nywele tele mpaka leo, mbona mimi? Jeni ya kipokezi cha homoni za kiume iko kwenye kromosomu X, na mwanamume X yake huipata kwa mama. Mtazame basi na mjomba. Lakini usiishie kwa mjomba, kwani utafiti wa 2017 uliohusu wanaume zaidi ya 52,000 wa Uingereza ulikuta sehemu zaidi ya 280 za urithi zinazohusika, na nyingi hutoka kwa wazazi wote wawili. Watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Joseph Lachance wa Georgia Tech na wenzake walipowachunguza wanaume zaidi ya 2,000 wa Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, makadirio yaliyojengwa juu ya Wazungu yaliwatabiri vibaya. Wanaume wa Kongo, Burundi na Somalia hawakuwamo hata humo. Kile kipimo cha mate kinachouzwa kwa posta, kinachoahidi kukuambia lini utapata kipara, hakikutengenezwa kwa ajili yako. Weka fedha zako.

Akina mama nao wasidhani haya ni ya wanaume. Kwa miaka mingi wanawake weusi waliotokwa na nywele utosini waliambiwa ni kitana cha moto na dawa ya nywele. Mwaka 2019 watafiti walichunguza wanawake 58 wenye asili ya Afrika waliokuwa na ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu, na karibu robo yao walikutwa na mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3. Kusuka kwa kukaza bado kunaharibu nywele, hasa za pembezoni mwa uso, na hilo liachwe. Lakini kovu likishafunga mzizi, nywele hazioti tena, na mama anayezunguka mwaka mzima na mafuta ya nyonyo na maji ya vitunguu anapoteza ule mwaka ambao daktari wa ngozi angeweza kuokoa zilizobaki.

Tutaambiwa nywele ni jambo dogo, watu wetu wana kodi ya nyumba na karatasi za uhamiaji. Nywele ni jambo dogo, ndiyo. Dawa ya homoni si jambo dogo. Finasteride hushusha kwa takriban nusu PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, na wanaume weusi wa Marekani hupata saratani hiyo zaidi kuliko wengine. Daktari asiyejua kwamba unaitumia atasoma namba ndogo na kukuambia uko salama. Mke mwenye mimba akigusa dawa hiyo, mtoto wa kiume tumboni anaweza kuumbika vibaya sehemu za siri. Hata vidonge vya biotini, ambavyo kila duka vinavyo, FDA ilionya 2017 kwamba vinaweza kupotosha vipimo vya damu, kikiwemo cha shambulio la moyo. Nani anaeleza haya kwa Kiswahili? Fomu ya simu haielezi.

Hapa tunarudi kwenye kilio chetu cha kila siku: mkalimani. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 kinaitaka kila kliniki inayopokea fedha za serikali kuu ikupe mkalimani bure. Amri ya Rais ya Machi 1, 2025, iliyofanya Kiingereza lugha rasmi, haikukifuta kifungu hicho. Kanuni za kifungu hicho zinakataza kliniki kumtegemea mtoto wako akutafsirie, isipokuwa kwa dharura. Baba, hutamwuliza daktari habari za nguvu za kiume kupitia binti wa miaka 12. Utanyamaza, utaagiza kwa simu, na kampuni inayouza dawa kwa simu bila kupokea fedha za serikali kuu haifungwi na kifungu hicho. Medicaid inaweza kukataa kulipia dawa ya kuotesha nywele, na sheria inaruhusu hivyo. Kuuliza usikatae wewe!

Wenzetu, acheni kuagiza dawa za homoni gizani. Aliyekwisha kuanza, apeleke chupa yenyewe kwa daktari wake wiki hii, na kabla ya kupimwa PSA aitaje. Mwenye kovu utosini asisubiri mwezi ujao. Na ukifika dirishani kujiandikisha, Louisville, Columbus au Buffalo, hata kama Kiingereza chako ni cha kusalimia tu, sema neno moja: Swahili. Kaa pale mpaka mkalimani apatikane.