Hotuba Juu ya Chanjo
(Iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na wanachama wote mliofika kutoka Kisii na Nyamira,

Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya chanjo. Jambo hili lahusu Chama chetu, maana mfuko wetu hutoa fedha za matanga na za hospitali, na yafaa tujue ni vifo gani vyaweza kuzuiwa.

Wengi hudhani chanjo ni dawa. Sivyo. Dawa hupigana na ugonjwa uliokwisha kuingia. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika, kama vijana wa ebisarate walivyokesha wamtambue mvamizi kabla hajagusa ng'ombe. Homa ndogo ya siku moja au mbili baada ya sindano ni alama ya mafunzo hayo, wala si ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitangaza mashaka yao kwamba chanjo ya pepopunda, iliyotolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, ina kitu cha kuwafanya wasizae. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakajibu kwamba ni salama. Mabishano yalipoa magazetini, lakini hofu ilibaki majumbani. Basi tupime wenyewe. Chanjo hiyo ni sumu ya kijidudu cha pepopunda iliyoondolewa ukali. Kwa miaka mingi akina mama wajawazito wamechanjwa hiyo kliniki. Nao wakajifungua, na wengi wakazaa tena. Kama ingefunga tumbo, watoto hao wangetoka wapi?

Tena kumbukeni kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, nasi ni watu wa jembe. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Kwa surua, majirani waliochanjwa huweza kumkinga mtoto wako. Kwa pepopunda, chanjo ya jirani haikusaidii hata chembe. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga tangu tumboni, ili kitovu kisiwe mlango wa mauti. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imelishinda tishio la pepopunda kwa akina mama na watoto wachanga. Lakini udongo ni ule ule. Tukiacha chanjo, ugonjwa utarudi.

Sisemi kwamba aulizaye ni mjinga. Babu zetu walimkubali omobari afungue fuvu la kichwa, maana walimjua, na kazi yake waliiona. Vivyo hivyo mzazi ambaye binti yake wa miaka 10 aletewa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini mwaka 2019, ana haki ya kuelezwa kabla ya kuombwa kukubali.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo mawili: kwanza, muuguzi aalikwe kila mwaka ajibu maswali mbele ya wazee, pili, kila mwanachama aitunze kadi ya chanjo ya mtoto wake kama aitunzavyo hati ya shamba.