Majina Sita Kabla ya Kikombe

Juma hili nazungumzia mchezo wa dakika saba. Naam, saba tu. Taarifa ya habari ni ndefu kuliko huo. Unaitwa The Night of the Doctor, na BBC waliutoa tarehe 14 Novemba 2013, siku tisa kabla ya Doctor Who kutimiza miaka 50. Doctor Who, kwa wasioufahamu, ni mchezo wa televisheni wa Uingereza juu ya msafiri wa anga na wakati ambaye akifikia kufa hugeuka mtu mwingine, kwa sura nyingine na mwigizaji mwingine.

Shangwe nyingi zilikuwa za kumwona tena Paul McGann. Huyu alikuwa amemwigiza Doctor mbele ya kamera mara moja tu, katika filamu ya televisheni ya mwaka 1996 iliyokusudiwa kuufufua mchezo uliosimama tangu 1989. Haikuufufua. Mchezo uliporudi mwaka 2005, alichukuliwa mwigizaji mwingine. Kwa watu wa televisheni, basi, McGann alikuwa Doctor wa usiku mmoja.

Lakini sisi watu wa redio tuna hesabu yetu. Tangu mwaka 2001 alikuwa akimwigiza Doctor kwa sauti peke yake, katika michezo ya kampuni ya Big Finish. Iliuzwa kwenye diski, na mingine ikasikika katika redio ya BBC. Wapo waliosema michezo hiyo haihesabiki kwa kuwa haikuonekana kwenye kioo. Hoja hiyo naijua; ni ndugu yake yule anayeniuliza kila siku nitahamia lini televisheni.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Rubani kijana, Cass, amebaki peke yake ndani ya chombo kinachoanguka. Wenzake wote ameshawaokoa. Doctor anakuja kumtoa. Wakifika mlangoni, Cass anagundua kuwa mwokozi wake ni wa jamii ya Mabwana wa Wakati, ambao vita vyao na Daleks vinateketeza ulimwengu mzima. Anakataa kuokolewa. Doctor anajitetea kwamba yeye hajapigana kamwe. Haisaidii kitu. Cass anajifungia upande wa pili wa mlango, na Doctor, badala ya kukimbia, anabaki akimsihi mpaka chombo kinapogonga ardhi.

Mwandishi, Steven Moffat, alinishika hapo. Aliyechomewa kwao hana muda wa kupambanua sare na sare. Wema wa mtu mmoja haumfikii, kwani umemjia kwa mlango ule ule wa wauaji.

Kwenye sayari ya Karn, kina mama wa huko wanamfufua Doctor kwa dakika nne tu na kumpa kikombe, achague atakuwa mtu wa namna gani. Cass hafufuki. Doctor anachagua kuwa mpiganaji. Kabla ya kunywa anataja majina: Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly. Mtazamaji wa kawaida hakumjua hata mmoja. Ni wenzake wa safari katika ile michezo ya sauti, watu ambao kioo hakijapata kuwaonyesha. Kisha analitaja jina la sita, la Cass, na kumwomba radhi.

Wengine waliona majina yale ni zawadi kwa mashabiki tu. Mimi naona zaidi. Anaaga watu ambao huyo atakayeamka hatakuwa na uso wa kuwaita rafiki. Na msichana aliyemchukia kwa dakika chache amemweka safu moja na marafiki wa miaka.

Tena, BBC wenyewe walipaswa kuiheshimu sauti mapema. Walifuta kanda nyingi za mchezo huu za miaka ya 1960. Hata baada ya sehemu tisa kupatikana Jos, Nigeria, mwaka 2013 bado zilikosekana 97. Sauti za zote 97 zipo, kwa sababu watazamaji walizinasa majumbani kwa rekoda zao.

McGann alionekana tena Oktoba 2022, katika The Power of the Doctor. Dakika chache tena! Redioni angepewa saa nzima.