Mzinga Mtupu Haumzuii Tembo: Kizimba Salama cha Kuendeshea Msimbo wa Akili Unde

Mada ya semina ya wasimamizi wa mifumo ya kompyuta, Voi



Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msaidizi wa akili unde tumempa jembe siku ile ile aliyopiga hodi. Mwanafunzi anampa jedwali la mashamba yaliyovamiwa na tembo, anamwomba jumla ya hasara ya kila wadi. Msaidizi anaandika programu ya Python, anaiendesha, anarudisha jibu. Swali langu ni moja: programu hiyo imeendeshwa wapi? Kama ni katika seva yenye alama za mitihani na rekodi za karo, tumempa mgeni jembe bila kumwonyesha mpaka wa shamba.

1. Hatari inakotoka

Kuna kosa la kawaida: msaidizi anafuta folda isiyostahili. Kuna mtumiaji mjanja anayemchochea makusudi. Halafu kuna hatari iliyo ngeni kwa wengi wetu, maagizo yaliyofichwa ndani ya data. Safu moja ya jedwali inaweza kubeba sentensi inayomwamuru msaidizi atume nywila za seva kwa anwani fulani. Kwake data na amri zote ni maneno, na hana njia ya uhakika ya kuzitenga. Kwa hiyo kumwonya asifanye mabaya hakutoshi. Uzio sharti usimame nje yake, mahali asipoweza kuugusa.

2. Kujenga kizimba

Wazo la kizimba, uzio unaoufungia msimbo ndani, si la jana. Tangu 1979 Unix ilikuwa na chroot, amri ya kuifungia programu ndani ya folda moja. Docker ilipotoka 2013, kontena zikaenea kila mahali. Lakini kontena zote za mashine moja hutumia kerneli moja, kama wapangaji chini ya paa moja: likivuja, wote wanalowa. Februari 2019 lilitangazwa tundu katika runc, chombo kinachoanzisha kontena hizo, lililomwezesha aliye ndani kutoka na kuitawala mashine nzima.

Kwa msimbo usiojulikana, basi, ongezeni ukuta wa pili. gVisor ya Google, iliyotolewa 2018, hupokea maombi ya programu kabla hayajaifikia kerneli halisi. Firecracker ya Amazon, ya mwaka huo huo, huipa kila kazi mashine pepe ndogo yenye kerneli yake. Ya kwanza ni rahisi zaidi kuanza nayo katika seva ya kawaida.

Ukuta wowote mtakaochagua, masharti ni haya:

- Mtandao ufungwe kabisa. Maktaba za programu ziwekwe mapema. Katika seva za kukodi, anwani 169.254.169.254 inaweza kutoa funguo za muda za akaunti yenu. Msimbo usiifikie kamwe.
- Msimbo uendeshwe na mtumiaji asiye na mamlaka. Faili za mfumo zisomwe tu, na kuandika kuruhusiwe katika folda moja ya muda.
- Vikomo viwekwe. Megabaiti 512 za kumbukumbu ya mashine, sekunde 30 na michakato 64 ni mwanzo mzuri. Mstari mmoja wa msimbo unaojizalisha bila kikomo unaweza kuilaza seva nzima.
- Nywila zisiingie ndani, wala soketi ya Docker. Anayeishika soketi hiyo ndiye mwenye mashine.
- Kazi ikiisha, kizimba kitupwe. Mwanafunzi anayefuata apate kipya.

3. Funzo la Sagalla

Hapa jirani, Sagalla, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kila baada ya mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya, katika mradi wa Dkt. Lucy King wa shirika la Save the Elephants. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa katika misimu ya mazao uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Lakini ukame wa 2017 uliwaondoa nyuki katika mizinga mingi. Waya ulibaki, mizinga ilibaki, na kinga ikapungua.

Seva zetu nyingi zina mizinga mitupu. Kikomo kipo, lakini kikivukwa hakuna anayejulishwa. Kumbukumbu za matukio zinaandikwa, hakuna anayezisoma. gVisor iliwekwa mwaka juzi na haijasasishwa tangu hapo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mjue kwamba data imevuja. Asiye na kumbukumbu za matukio ataarifu nini?

4. Pendekezo

Kabla ya kufungua huduma, andikeni programu nne fupi. Ya kwanza ijaribu kufikia tovuti yoyote. Ya pili isome faili ya nywila iliyo nje ya kizimba. Ya tatu ijizalishe bila kukoma. Ya nne ijaze kumbukumbu ya mashine. Ziendesheni usiku, msimamizi akiwa nyumbani. Zikishindwa zote nne, na simu yake ikalia mara nne, fungueni. Zikishindwa na simu isilie, rudini mkatazame mizinga.