Mkonge au jasi?

Msikilizaji, tubaki hapa hapa wilayani Same. Tuseme shamba la mkonge linakucheleweshea mshahara, na kuna nafasi kwenye machimbo ya jasi ya Makanya. Uende?

Hofu yako ya kubaki kwenye mkonge ina historia. Miaka ya 1960 Tanzania iliongoza dunia kwa mkonge. Zikaja kamba za plastiki, ajira zikayeyuka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri akikupunguza kazini, kiinua mgongo chako ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Ukijiondokea mwenyewe, unakikosa.

Kwa upande wa pili, shamba likifilisika, haki iliyo kwenye karatasi haipeleki unga nyumbani.

Mimi nasema usiache kazi kwa ahadi ya mdomo. Dai mkataba wa maandishi, na kabla ya hapo kagua michango yako ya hifadhi ya jamii, NSSF.

Lakini wewe uliyekaa shambani miaka minane, na ada ya shule inadaiwa, utangoja barua ya kupunguzwa mpaka lini?